Ukuta wa Chumba cha Mama

Nyumba ya Othmar kule Litembo ilijengwa na baba yake kwa matofali mabichi. Ilikuwa na baraza pana mbele na upenu mrefu pande zote. Kila mwaka, baada ya mavuno ya kahawa, mama yake Serafina alisiliba kuta kwa udongo mweupe. Chini alipitisha mkanda wa udongo mwekundu. Othmar aliuonea haya mkanda huo. Kwake ulikuwa ushamba mtupu.

Miaka hiyo wanunuzi binafsi wa kahawa walikuwa wameanza kuingia vijijini, na maduka ya Mbinga yalijaa saruji. Watu waliozoea kuitafuta kwa kibali sasa waliiona dawa ya kila kitu. Othmar naye hakutaka kubaki nyuma. Alianza na ukuta wa nyuma, wa chumba cha mama yake. Aliupiga lipu ya saruji, akakata na upenu wa upande huo ili nyumba ifanane na za mjini. Mkewe Winifrida alimwambia wazi kuwa upenu ule una kazi yake. Hakusikilizwa.

Mvua zilipokwisha, lipu ilikuwa na nyufa. Chumba kilinuka unyevu, na Serafina alikohoa kila asubuhi. Othmar aliona tiba ni kuongeza saruji, na baraza nalo livunjwe lijengwe la saruji. Akamwita mzee Xaveri, fundi mwashi wa siku nyingi.

"Shikamoo, fundi."

"Marahaba. Nionyeshe kwanza ukuta wenye nyufa."

Xaveri alibandua kipande cha lipu, akachomeka kisu kwenye tofali. Kisu kikazama hadi mpini. Ilikuwa Agosti, na mvua ilikuwa imekatika tangu Mei. Upande wa pili wa ukuta ule ndipo kilipokuwa kitanda cha mama. Othmar aliingiwa na hofu.

"Tofali bichi likilowa hukauka lenyewe," Xaveri alisema. "Udongo wa mama yako uliliacha likauke. Saruji ikipasuka, maji huingia, halafu hayana pa kutokea. Na ule upenu ndio uliokuwa mwavuli wa ukuta."

"Kwa hiyo nyumba ibaki ya zamani?"

"Ibaki imara. Uzamani wake si ugonjwa."

Siku hiyohiyo kitanda kilihamishwa. Lipu ilibanduliwa yote, ukuta ukaachwa ukauke mwezi mzima. Matofali yaliyooza yalibadilishwa kwa mengine ya udongo uleule. Upenu ulirudishwa, na mfereji ukachimbwa wa kupeleka maji mbali na msingi. Saruji iliyobaki ilitengenezewa sakafu ya choo. Xaveri alisema huko ndiko inakofaa. Kisha Serafina akasiliba, Othmar akimchotea udongo kutoka bondeni. Winifrida alicheka sana.

Mvua za mwaka uliofuata zilikuwa kubwa. Zilipokatika, Othmar alichukua kisu, akakichomeka kwenye ukuta wa nyuma. Kiligota. Kikohozi cha mama nacho kilikuwa kimekwisha.

Ndipo alipogundua kitu.

"Mama, mbona safari hii hukupitisha mkanda mwekundu?"

"Ulikuwa unauonea haya."

 Othmar alikwenda kuchota udongo mwekundu, akapiga magoti chini ya ukuta, akaanza kupaka mwenyewe. Mkanda wake ulipinda. Serafina aliukagua toka mwanzo hadi mwisho, akasema uachwe hivyohivyo.