Kwa Nini Bibi Mwanne Hanywi Maji

Kila asubuhi Hamisa huchemsha chai nyumbani kwake Visiga. Kikombe cha kwanza humpa mama yake, Bibi Mwanne. Bibi aliletwa kutoka Mzenga baada ya masika, magoti yalipozidi kumuuma.

"Mama, chai hii hapa."

"Weka tu, mwanangu. Nitakunywa."

Hakunywa. Chai ilipoa, Hamisa akaimwaga. Jana ilikuwa vilevile. Midomo ya mama yake ilikuwa imekauka, na akisimama alishika ukuta.

"Mama, una nini?"

"Sina kitu. Uzee tu."

Uzee! Jamani, mangapi tunausingizia uzee?

Maulida, binti wa Hamisa, anasomea ufundi katika chuo kimoja huko Kongowe. Siku hizo mwalimu wao aliwataka wabuni kifaa cha kumsaidia mzee. Maulida na mwenzake Calist walifurahi. Bibi anayumba? Basi, fimbo! Wakaitengeneza, wakaifunga taa na king'ora, wakaipaka rangi ya bluu. Bibi mwenyewe hawakumuuliza neno.

"Shikamoo, Bibi," alisema Calist. "Ukibonyeza hapa, inalia."

"Marahaba. Ahsanteni, wajukuu zangu. Nzuri kweli."

Akaitundika ukutani, wala hakuigusa tena.

"Mbona haitumii?" Calist aliuliza.

"Labda hapendi bluu," Maulida alijibu.

Ijumaa moja Bibi alianguka uani. Maulida alimwita, hakuitika. Hamisa alipiga yowe. Latifu, mumewe, alikimbia kutafuta bajaji, wakampeleka zahanati. Njia nzima Hamisa alimpepea mama yake kwa ncha ya kanga. Aliogopa mno.

Nesi Wilhelmina alimpima Bibi, akamtundikia dripu. "Mwili umekaukiwa maji," alisema. "Na mkojo una maambukizi. Sasa naomba mtupishe kidogo. Nataka kuzungumza na Bibi."

Walingoja nje. Mlango ulikaa umefungwa. Maulida hakuweza kukaa kitako. Atakufa? Ndilo swali lililomzunguka kichwani. Hatimaye nesi aliwaita Hamisa na Maulida.

"Bibi amekubali niwaite," alisema. "Waambie mwenyewe, Bibi."

Bibi Mwanne aliangalia ukutani. "Choo chenu ni cha kuchuchumaa. Nikichuchumaa, siinuki. Siku ile mlipokwenda gulioni nilikwama mle ndani. Nyumbani alikuwepo mkwe wangu peke yake. Nimwite mkwe aje kuninyanyua chooni? Bora nife! Nilikaa hukohuko mpaka mkarudi. Nikaona, nisipokunywa, sitakwenda."

Hamisa alilia bila kujificha.

"Wazee wengi hufanya hivi, na hawasemi," alisema nesi. "Lakini mzee asipokunywa maji hupata kizunguzungu, huanguka. Mkojo humchoma, choo huwa kigumu. Wengine hata huchanganyikiwa. Dawa nitampa. Ila msimlazimishe maji tu. Mwondoleeni kinachomfanya ayaogope."

"Bibi, mbona hukuniambia?" Maulida aliuliza.

"Uliniuliza?"

Maulida alitoka nje, akampigia simu Calist.

Safari hii wawili hao walianza kwa kuuliza. Walimkalisha Bibi kwenye kigoda, hakuweza kuinuka. Wakamwekea stuli ndefu zaidi, akainuka bila kuugulia. Calist akapima urefu wa stuli. Wakatengeneza kiti cha mbao chenye tundu katikati. Kiti kilikaa juu ya shimo la choo, na wengine waliweza kukiondoa. Kilikuwa na mikono ya chuma ya kushikia. Miguuni walifunga vipande vya tairi ili kisiteleze.

Bibi alikizunguka, akakikagua kama mnunuzi asiyeamini.

"Kizuri. Lakini hapa mbele mmeziba. Nitachambaje?"

Calist aliinamisha uso. Maulida alitaka kucheka, akajizuia.

"Msione haya," alisema Bibi. "Na mkojo ukinirukia kwenye kanga, nitaswali na nini?"

Kumbe! Wanafunzi wawili, na hakuna aliyewaza hayo. Walirudi Kongowe na kiti chao. Wakakata ubao wa mbele ili mkono upite. Chini ya tundu wakafunga ndoo iliyokatwa kitako, ili mkojo uende moja kwa moja shimoni. Upande wa kulia wakaweka mahali pa kopo la maji.

Siku ya kukijaribu, Latifu alijifanya ana shughuli dukani, akaondoka. Bibi aliingia chooni, akafunga mlango. Hamisa na Maulida walisimama uani. Muda ulipita. Hamisa aliusogelea mlango.

"Mama?"

Kimya.

"Mama! Umekwama?"

"Hebu niacheni! Sijamaliza!"

Mlango ulifunguka. Bibi alitoka mwenyewe, kanga kavu. Akaomba maji, akanywa kikombe kizima.

Tangu hapo alikunywa bila kusukumwa. Kizunguzungu kiliisha, na nesi alipompima tena, maambukizi yalikuwa yameondoka. Lakini jioni moja Maulida alimkuta amekaa bila raha.

"Magoti tena, Bibi?"

"Hapana. Namfikiria Saida, mwenzangu wa Mzenga. Nilipoondoka, wanawe walisema hana hamu ya kula wala kunywa. Wakasema ni uzee. Na mimi nilikubali." Alimshika Maulida mkono. "Choo chake ni kama hiki chenu. Tengenezeni kingine. Upesi."

Walifanya kazi haraka. Maulida alihofu watachelewa. Walipofika Mzenga pamoja na Bibi, wakiwa na kiti kipya, Bibi Saida alikuwa amelala mkekani, amekonda. Mwanawe mkubwa, Mashaka, aliwapokea.

"Mama hataki hata maji," alisema. "Tumembembeleza mpaka tumechoka."

"Kesho mpelekeni zahanati," alisema Bibi Mwanne. "Kwa sasa tupisheni. Wote."

Akafunga mlango. Maulida aliketi nje, karibu na kiti. Ndani walisikia mnong'ono, kisha kilio cha chini, kisha mnong'ono tena. Mara sauti nyembamba ya Bibi Saida ikaita.

"Mashaka! Niletee maji, mwanangu. Jaza."