Majibu Yaliyopita Hewani

Stendi ya Msamvu ilikuwa imefurika, na Mwanvita alikuwa amechoka kiasi cha kutotaka kugombana na mtu. Alikuwa ametoka zamu moja kwa moja, gauni lake la kitenge cha bluu limegandamana na mgongo kwa jasho, ushungi wa kijivu umelegea. Kwenye dirisha la vifurushi vya mabasi ya Dar, karani alimsukumia boksi dogo. Akalifungua hapo hapo kuhakikisha halijavunjika. Ndani mlikuwa na kisanduku cheusi cha ukubwa wa kiganja, chenye antena moja na tundu la pini tisa.

"Dada, mmenunua redio?" aliuliza mwanamume aliyesubiri kifurushi chake pembeni. Alivaa shati la drafti na viatu vilivyojaa vumbi la kokoto.

"Ningekuwa na nguvu za kusikiliza redio, ningeshalala."

"Basi nikwambie ni nini, ulale kwa amani. Mna mashine inayotoa majibu kwa waya. Hiki kinapokea ule waya, kinayarusha majibu hewani mpaka kwenye kompyuta ya ofisini."

"Sawa. Mashine yenyewe ni ya zamani."

"Najua. Mwenye mashine mpya hanunui kitu hicho."

Mwanvita alicheka bila kukusudia. Mwanamume akajitaja: Rehani, fundi wa mitandao. Wiki haikuisha kabla Bi Esther, mkuu wa maabara alikofanya kazi Mwanvita, hajampa Rehani kazi ya kukifunga kisanduku hicho.

Maabara ilikuwa ya binafsi, mtaa wa nyuma ya soko kuu, na kazi yake kubwa ilikuwa kupima selimundu, ugonjwa wa damu wa kurithi: watoto wachanga, na wachumba wanaotaka kujua kabla ya kuoana. Majibu kama hayo si ya kila mtu. Ili yasisomwe na yeyote mwenye kompyuta barabarani, kisanduku na ruta vilipaswa kuwekewa usimbaji wa aina moja, wa kugeuza maandishi kuwa fumbo, na neno moja la siri. Rehani alianza na ruta, na hilo lilikuwa kosa. Ruta ilipofungwa, kisanduku kikabaki nje, na waya wa kukifikia moja kwa moja hakuwa nao. Wakati huo foleni ya kina mama ilikuwa imefika barabarani.

"Acha wazi, kazi iende," Bi Esther alisema. "Utarudi."

Alirudi, tena mara nyingi, lakini si kwa ajili ya usimbaji. Alikuja kumsindikiza Mwanvita mpaka Bigwa, kwao, wakitembea taratibu huku mawingu yakishuka Uluguru. Siku asizokuja, alipiga simu.

"Umekula?"

"Nimekula."

"Umekula nini?"

"Chai."

"Chai si chakula, mpenzi. Chai ni maji yaliyopandishwa cheo."

"Na wewe ni fundi aliyepandishwa cheo. Kisanduku chetu hujakimaliza mpaka leo."

"Nikikimaliza nitakosa sababu ya kuja."

"Njoo bila sababu, baba. Nimechoka kukutungia."

Kisha Rehani akanyamaza. Hawakugombana wala hawakuagana. Simu zilianza kujibiwa kwa ujumbe mfupi, "niko saiti", halafu hazikujibiwa kabisa. Mwanvita alizoea kutosema jambo kabla ya kulipima, lakini uchovu huharakisha hukumu, naye akahukumu: kuna mwanamke mwingine. Siku moja simu ikapokelewa.

"Rehani, nimekukosea nini?"

"Hujanikosea kitu."

"Basi kuna mtu."

"Hakuna mtu."

"Basi kuna nini?"

Mwanvita alisikia mashine ya kutoboa ukuta upande wa pili, kisha pumzi ndefu. "Mwanvita, nimechoka. Tuongee siku nyingine."

"Wewe ndiye umechoka? Niliyesimama tangu asubuhi ni mimi!"

Akakata simu mwenyewe, asije akakatiwa.

Bi Esther alirudi kutoka semina ya Dodoma akiwa amekunja uso. "Hivi majibu ya watu bado yanapita hewani uchi? Mwite fundi wako."

"Si fundi wangu, dada."

"Basi mwite fundi wa maabara. Na leo asiondoke kabla hajamaliza."

Rehani alikuja Ijumaa baada ya swala, amevaa kanzu ya rangi ya maziwa, mikono ameikunja hadi kwenye viwiko. Alikuwa amekonda. Mvua ilikuwa imewafukuza wateja, Bi Esther amejifungia ofisini na simu, na chumba cha mashine kilikuwa na watu wawili tu.

"Mara hii unaanza na kipi?" Mwanvita aliuliza akiwa mlangoni.

"Kisanduku, kwa waya. Ruta baadaye."

"Umejifunza."

Rehani aliunganisha kisanduku na laptop, akachagua usimbaji, akasogeza laptop upande wa Mwanvita na kugeukia ukutani. "Andika neno la siri wewe. Refu. Mimi sitaki kulijua."

"Tangu lini unaogopa kujua mambo ya hapa?"

"Tangu nilipoyajua."

Vidole vya Mwanvita vikasimama. "Geuka. Sema."

Rehani aligeuka. "Siku moja nilikuja kukuchukua, nikawahi. Nikakaa kwenye kibanda cha juisi ng'ambo ya barabara, nikafungua laptop kupima mawimbi yanafika wapi, ili nije niyafunge. Yalifika. Majibu yakaanza kupita mbele yangu. La kwanza lilikuwa na jina lako."

"Likasemaje?"

"AS. Unabeba kinasaba cha selimundu. Na mimi pia ni AS, Mwanvita. Mdogo wangu Hafidhi alipata vinasaba viwili, cha baba na cha mama. Nilikuwa namshika miguu akilia kwa maumivu. Tulimzika akiwa darasa la nne. Kila mtoto wetu angekuwa na hatari ya robo kuyapitia yale. Sikuweza kukwambia, kwa sababu sikutakiwa kujua."

Mwanvita alivuta kiti akakaa. "Siku hiyo umeme ulikuwa umekatika?"

"Ulikuwa umetoka kurudi. Kwa nini?"

"Kwa sababu ile si damu yangu." Alicheka kicheko kikavu cha mtu aliyefanya kazi wiki nzima. "Kila asubuhi, na kila umeme ukikatika na kurudi, tunaijaribu mashine kwa damu ya kiwandani. Inakuja kwenye kichupa, na majibu yake tunayajua hata kabla ya kupima: AS. Mashine haikubali nafasi ya jina iwe tupu, basi aliye zamu anaandika lake. Siku mwenzangu Shukuru akiwa zamu, AS ni Shukuru."

Rehani alishika ukingo wa meza. "Kwa hiyo wewe..."

"Mimi sijawahi kujipima. Mganga hajigangi."

"Mwanvita, nisamehe."

"Usikimbilie msamaha. Uliamini ni majibu yangu, ukaniamulia, ukaniacha nikidhani una mwanamke."

"Ningekwambiaje? Ningesema nimekusoma kutoka barabarani?"

"Ndiyo! Ungesema hivyo hivyo. Ningekutukana, kisha ningekueleza habari za kichupa, na usiku huo kila mtu angelala kwa amani." Akaivuta laptop. "Sasa maliza kazi. Damu yangu haipiti hapa mpaka hewa ifungwe."

Aliandika neno la siri, refu. Rehani akahifadhi mipangilio ya kisanduku, akahamia kwenye ruta, akachagua usimbaji ule ule, na Mwanvita akaandika neno lile lile. Taa ya kisanduku ilizimika, ikapepesa, ikatulia kijani. Rehani aliificha laptop ndani ya kanzu, akavuka barabara mvuani hadi kibandani, huku Mwanvita akipima damu ya kichupa ili kuwe na jibu la kurusha. Alirudi amelowa.

"Mtandao nauona. Majibu siyaoni. Ni herufi za fujo tu."

Mwanvita alijichoma kidole, akakinga damu, akaiweka mashineni. Mashine ikaanza kunguruma.

"Kabla haijajibu, jibu wewe," alisema. "Nikiwa AS, utafanya nini?"

Rehani aliitazama mashine. "Nitaondoka. Nilikwisha kuondoka mara moja, na sikupata usingizi. Labda nitarudi. Sijui. Sikudanganyi."

Jibu halikuwa tamu. Mwanvita alilipima kama alivyopima mengine yote, akaona halijatiwa maji. Mwanamume anayetaka kumridhisha angeapa kufa naye.

Karatasi ilitoka. Aliisoma, akakagua namba ya sampuli kama ilivyo desturi, akaisoma tena. Kisha akamgeuzia.

AA: hana kinasaba cha selimundu hata kimoja.

Rehani alifunika uso kwa viganja, mabega yakitikisika.

"Usilie kwenye mashine," Mwanvita alisema. "Haipendi unyevu."

"Watoto wetu wengine watabeba, kama mimi."

"Watabeba. Hawataumwa." Akaikunja karatasi. "Umesema watoto wetu?"

"Nataka kukuoa, Mwanvita."

"Sisi Waluguru binti ni wa upande wa mama, na neno la kumwoza ni la mjomba. Mjomba Mwinshehe yuko Kinole, mlimani. Utapanda mwenyewe umweleze yote: selimundu, Hafidhi, na jinsi ulivyosoma majibu ya watu ukiwa kwenye kibanda cha juisi."

"Hata hilo?"

"Hilo kwanza. Akikukataa, awe amekukataa wewe mwenyewe, siyo nusu yako."

"Kesho?"

"Kesho niko zamu. Jumapili. Na vaa viatu vya kupandia. Mvua hii ikiendelea, gari halifiki."

Mwanvita alizima mashine na taa. Mlangoni alimpa Rehani mkoba wake aubebe, kwa sababu ulikuwa mzito na yeye alikuwa amechoka.