Koti la Lori la Muhamadi

Muhamadi alikuwa na lori kuukuu na mke fundi wa cherehani. Lori lilikohoa kila asubuhi. Cherehani haikukohoa hata siku moja. Siku za soko, Muhamadi alipakia samaki na watu hapa Gisenyi, akawapeleka Mahoko.

Shida ilikuwa mlima wa njiani. Katikati ya mlima lori lilikosa nguvu. Abiria walishuka, wakasukuma. Nyirahabimana, muuza samaki, alisukuma kuliko wote na kucheka kuliko wote. Lori yeye aliliita kamyo.

"Muhamadi! Ni mi napanda kamyo, ao ni kamyo inanipanda mimi?"

Muhamadi aliamini kwamba lori linaumwa baridi. Huko juu si watu wanavaa makoti? Basi mke wake, Mama Zubeda, akalishonea lori koti la blanketi nene. Lilifunika boneti yote, likashuka mbele mpaka chini. Lilikuwa na vifungo sita, tena lilipendeza. Lakini lori lilizidi kuchoka.

Zikabaki siku tatu kabla ya arusi ya binti yao. Bwana arusi alikaa Mahoko, na lori hilo ndilo la kumpeleka bibi arusi.

"Baba," Zubeda aliuliza, "mi nitasukuma kamyo na nguo ya arusi?"

Muhamadi aliona haya sana. Siku hiyohiyo akaenda Nengo kumwita Twagirimana, fundi wa magari. Fundi alipoona vifungo, alicheka mpaka akakaa chini.

"Yewe! Mutu ndiye anasikia baridi. Moteri inapenda hewa ya baridi."

"Inapenda namna gani?"

"Moteri inakula vitu mbili, petroli na hewa. Hewa ya moto iko nyepesi, haishibishi. Hewa ya baridi iko nzito. Leta mukono hapa."

Moteri, yaani injini, ilikuwa imetoka kuzimwa. Muhamadi alisogeza mkono karibu na mdomo unaovuta hewa, akaurudisha haraka. Pale palikuwa na joto kama jikoni, maana bomba la moshi lilipita karibu.

"Donc, kuvua koti haitoshi," alisema fundi. "Tuipe pua ya kufika mbele, kwenye hewa ya inje."

Walilivua lori koti. Kisha walikata bati la debe, wakalikunja likawa bomba pana. Upande mmoja waliufunga kwenye chujio la hewa kwa kipande cha mpira wa gurudumu na waya. Upande wa pili waliupeleka mbele, mbali na bomba la moshi na mbali na feni. Mdomo wake waliuinamisha kidogo, mvua isiingie.

"Hii chujio tuitoe," alisema Muhamadi. "Hewa iingie mbio!"

"Hapana, Baba Zubeda! Vumbi itakula moteri yako. Tuisafishe tu."

Chujio lilikuwa limejaa matope meusi. Walilisafisha, wakalitia oili mpya ya kunasa vumbi, wakalirudisha mahali pake.

Siku ya arusi lori lilijaa nyimbo. Walipofika mahali pa kusukuma, Nyirahabimana alishika ubao tayari kuruka chini. Ni mazoea tu.

"Kaa, mama!" Muhamadi alipiga kelele. "Leo hakuna kazi!"

Lori halikukimbia. Lilipanda polepole, lakini lilipanda lenyewe mpaka juu. Wanawake walipiga vigelegele. Muhamadi alifurahi mpaka machozi yakamtoka, akasema ni vumbi.

Huko Mahoko upepo ulikuwa mkali. Zubeda alitetemeka katika nguo yake nyembamba ya arusi. Mama yake akatoa lile koti la lori chini ya kiti, akamfunika mabegani na kumfunga vifungo vyote sita.

"Bon," alisema Nyirahabimana. "Sasa koti imepata mwenyewe."