Kiwiko Kwenye Mlango wa Kijani

Wewe unayenisikiliza, mtu akikukosolea gari lako kabla hata hajakusalimia, utampa namba yako ya simu? Mjukuu wangu Renita alimpa.

Ilikuwa Jumamosi ile ya Agosti ambayo magari ya zamani hupita Barabara ya Woodward tangu asubuhi, na sisi watu wa Detroit tunatoa viti vya kukunja, tunakaa ukingoni kuyatazama. Renita alikuwa ameegesha gari la marehemu baba yake, Harlan, mwanangu wa kwanza. Gari la kijani cha zeituni, milango minne, refu kama mahubiri. Yeye alivaa gauni la manjano lenye mifuko na raba nyeupe. Mara akaja kijana mrefu, ovaroli lake lina madoadoa ya rangi, mkononi ana mkate wenye soseji na mchuzi wa nyama unamtiririka hadi kwenye kifundo.

"Milango minne!" akasema. "Hili si gari, dada, hii ni sebule."

"Na hiyo si mikono, ni sahani," Renita akamjibu. "Jifute kwanza, ndipo unitukanie gari."

Akacheka, akajifuta. Jina lake Cortland Biggs, fundi wa kupiga rangi magari. Akaweka mikono nyuma, maana kwetu gari la mtu huliangalii kwa vidole, akalizunguka mara mbili taratibu, mdomo haupoi.

"Mbio za robo maili ni za watu wanaoogopa kona. Gari jeupe ni friji. Na atakayeng'oa injini ya silinda nane aweke betri, afungwe."

"Na mwanamke mwenye milango minne je?"

"Huyo aombwe namba ya simu."

Basi wakapendana, simu ikawa haikai chini.

"Umekula, tairi langu la akiba?"

"Nimekula, mkweche wangu. Na wewe?"

Kitu kimoja tu kilimkera Renita. Cort alikuwa na neno juu ya kila chenye magurudumu, lakini ukimuuliza yeye mwenyewe anataka nini, anaanza kukueleza habari za kabureta. "Miezi minane, Bibi," aliniambia siku moja akinimenyea viazi. "Bampa zote za mji huu anazisemea. Mimi hajasema ananitakia nini."

Kumbe Cort alipanga kusema siku ya kuzaliwa Renita, mwezi wa Mei, lakini kwanza atoe zawadi. Akaliomba gari kwa siku nne, akadanganya kwamba anatazama breki. Kwenye mlango wa dereva, chini kidogo ya dirisha, palikuwa na mahali rangi imekwisha, ukubwa wa kisosi, bati linaonekana. Kwa Cort ule ulikuwa ugonjwa. Akapiga msasa, akachanganya kijani mara saba hadi akapata kile kile cha gari lilipokuwa jipya, akapuliza, akasugua gari zima mpaka ungeweza kujipaka wanja mbele yake.

Renita alipolifikia, mkono wake ulikwenda wenyewe pale mlangoni. Ukateleza.

"Vipi, malkia wangu? Huoni hata palipokuwa!"

"Sioni," akasema. Akachukua ufunguo, akaondoka. Simu kumi na moja hakupokea. Ya kumi na mbili akapokea: "Usinipigie tena, Cort."

Cort akaja kwangu, kofia mkononi. "Bibi, nimekosa nini? Ile kazi ni safi."

"Safi mno, mwanangu. Pale palikuwa pa kiwiko cha Harlan. Miaka thelathini kwenda kiwandani na kurudi, dirisha chini, kiwiko nje. Kiwiko kile ndicho kilichoila ile rangi."

Akakaa kwenye ngazi. "Naweza kupachakaza tena," akasema baadaye. "Nina msasa laini. Wapo wateja wanaotaka rangi mpya ionekane kuukuu, na hakuna anayegundua." Kisha akatikisa kichwa mwenyewe. "Hapana. Kiwiko cha mtu sikighushi."

Nikamkatia pai ya viazi vitamu. Nilishukuru kusikia lile neno.

Agosti ikarudi. Tulikuwa tumekaa pale pale, mimi na Renita na gauni lake la manjano, Cort akaja kwa miguu. Hakutazama gari hata moja njiani.

"Nilifuta kitu nisichoweza kukirudisha," akasema. "Na sikuuliza. Nisamehe."

Renita akainuka kitini. Halafu akasema, "Njoo uone." Pale mlangoni, kwenye kile kijani kipya, mng'ao ulikuwa umefifia kidogo, upana wa sarafu. Mkono wa kushoto wa Renita ulikuwa umeiva kwa jua kuliko wa kulia.

"Tangu Mei naendesha dirisha chini, hata mvua ikinyesha," akasema. "Pale pa Baba nilikuwa napagusa tu, naogopa kuweka kiwiko changu. Sasa nina pangu. Na hiki kijani, Cort, ndicho alichokuja nacho kunichukua siku yangu ya kwanza ya shule. Nilikuwa nimekisahau. Nimechelewa kusema, lakini asante."

Cort akainama, akapatazama. "Kufika kwenye bati ni miaka thelathini. Na rangi yangu ni ngumu, sema arobaini."

"Maoni hayo tena! Na wewe miaka arobaini hiyo utakuwa wapi?"

Nikajua sasa inakuja kabureta. Lakini Cort alizunguka gari, akafungua mlango wa mbele wa abiria, akaketi, akashusha kioo, akaweka kiwiko chake dirishani.

"Hapa," akasema. "Nataka kukaa hapa, Renita. Nataka nikuoe."