Swali la Saba Kabla ya Papa

"Hapana, hapana, hapana, hapana..."

"Wewe, unasoma au unaimba?"

"Nasoma."

"Maswali kumi na mawili umeyamaliza kabla sijatia uzi kwenye sindano! Hebu lete hapa nione."

Mchumba wangu akaikunja ile fomu ya afya ya watu wa boti chapuchapu, akaisokomeza mfukoni, akanikonyeza. Ilikuwa saa ya mapumziko ya mchana na karakana yetu ya majaketi ya reflekta ilikuwa kimya. Alikuja kama kawaida yake, ananukia dawa ya maji. Kazi yake ni kutunza bwawa la kuogelea la hoteli, ndiyo maana namwita Klorini. Yeye ananiita Cherehani.

Tulikuwa tumebakiza wiki tano tuoane. Wenzetu hupanga ukumbi na keki ya ghorofa, sisi tulipanga papa. Klorini alikuwa na ndoto moja tangu utotoni: kuelea baharini na papa uso kwa uso, bila kizimba cha chuma. Nikakubali. Mapenzi ni upofu, na msimu wa bei nafuu ulikuwa unakaribia kwisha.

"Ndege hatuna ubavu nayo, tunapanda basi," akasoma kwenye simu. "Mikate na mayai tunabeba. Mitungi ya hewa hatukodi, tunaelea juu na mrija, hapo tumeokoa nusu ya bei. Suti za mbizi ni hizi za mtumba, viraka unaweka wewe. Kinachotuumiza ni vyumba viwili vya mama yako."

"Mama akisema vyumba viwili, ni vyumba viwili."

"Mama yako ananiogopa mimi kuliko papa!"

"Papa hajaposa binti yake."

Akacheka mpaka akashika meza.

"Na daktari je?" nikauliza.

"Daktari ni kwa atakayejibu ndiyo hata swali moja. Sisi tumejibu hapana kote. Hela ya daktari imebaki."

Halafu akawa makini, akanigeuza, akaweka mgongo wake kwenye mgongo wangu palepale kati ya mashine.

"Kumbuka alivyosema yule mama wa boti atakayetupeleka, siku tulipompigia. Papa hupenda kuja kwa nyuma. Mnaelea mgongo kwa mgongo, wewe unanilinda mimi, mimi nakulinda wewe. Mwenzako ndiye kizimba chako."

Nilimwamini. Miezi saba alikuwa amenifundisha kuogelea, kila Jumatatu asubuhi kabla wageni hawajaamka, mimi nimemng'ang'ania shingoni. Maji nilikuwa nayaogopa tangu mtoto. Yakaacha kunitisha kwa sababu yake.

Siku tatu baadaye simu ikaita. Dada yake mkubwa, muuza viatu, mwanamke asiyepiga simu bila sababu.

"Wifi, uko peke yako?"

"Niko na mashine tu, wifi. Kuna nini?"

"Nasikia mnakwenda kuingia baharini na papa. Nilidhani mdogo wangu ananitania."

"Ni kweli. Lakini usiogope, huyo mama wa boti ana miaka ishirini kwenye kazi hiyo, hajawahi..."

"Siogopi papa mimi. Amekwambia habari za kuanguka?"

"Kuanguka wapi?"

Nikasikia mteja wake akiuliza bei, akamwambia asubiri.

"Ana kifafa, wifi. Tangu ana miaka kumi na tisa. Vile vidonge vya kwenye kopo la vitamini si vitamini. Vinamsaidia, anakaa hata mwaka mzima bila kuanguka. Lakini miezi minne iliyopita alianguka kwenye chumba cha pampu, mwenzake wa kazini akanipigia mimi."

Mguu wangu ulikuwa kwenye mashine, nikauondoa.

"Kwa nini hakuniambia?"

"Kuna mwanamke alikuwapo kabla yako. Alimwona akianguka sebuleni kwao. Kesho yake alirudisha pete, tena kwa kutuma mtu. Tangu siku hiyo mdogo wangu amefunga mdomo. Nami nisingekwambia, ni haya maji tu yamenitisha. Tafadhali, usimwambie umeyasikia kwangu."

Nilikasirika, tena sana, lakini si kwa sababu ya kifafa. Ugonjwa haubishi hodi. Nilikasirika kwa zile Jumatatu zote. Mimi shingoni mwake, kwenye kina kirefu, hakuna mtu mwingine, na yeye anajua. Kama angeanguka tungekufa wawili, na mama yangu angeambiwa ni ajali.

Nikamwandikia ujumbe.

"Klorini, swali la saba ulijibu nini?"

"Lipi hilo?"

"Kuzimia, kifafa, kupoteza fahamu."

Nilishona mfuko mzima ndipo jibu likaingia.

"Hapana. Kwani vipi?"

"Basi tu. Hakuna kitu unataka kuniambia?"

"Kipo. Nakupenda. Na usisahau chumvi ya mayai."

Hapo ndipo mtu mwenye akili timamu angepiga simu na kumaliza maneno. Mimi sikupiga. Nilitaka aseme mwenyewe. Nikimwambia mimi, nitajuaje kama ananiamini? Nikampa siku nyingine, na nyingine. Nilimuuliza kuhusu vitamini, akasema ni za nywele. Nywele zenyewe amenyoa!

Ukutani karakana yetu kuna kibao bosi amekitundika: ANAYEONEKANA HAGONGWI. Miaka sita nimeshona majaketi ya mafundi wa barabara na wazimamoto chini ya maneno hayo, yameniingia kwenye damu. Basi nikafanya nilichokijua. Nikachukua utepe wa fedha, ule unaowaka ukimulikwa, nikaushona kwenye suti yake. Kola yote, mabega yote mawili, na mstari mpana mgongoni. Akizimia majini, nilijisemea, nitamwona popote alipo.

Alipojaribu suti akajitazama kwenye kioo.

"Umenipamba, Cherehani."

"Jaribu kuinua mikono."

"Inakaa vizuri mno. Nitakuwa bwana harusi wa papa."

Nilitabasamu huku roho inaniuma.

Safari ya basi ilichukua saa kumi na moja. Tulikula mayai, chumvi ilikuwepo. Nilimtazama akilala na kinywa wazi nikasema moyoni, sema basi, hata sasa hujachelewa. Alipoamka akanionyesha ng'ombe dirishani.

Asubuhi ya pili tulikuwa gatini. Mama mwenye boti ni mwanamke wa makamo, mkavu, hana mchezo. Watu wote humwita Mama Papa. Alipita kwa kila mteja akikagua.

"Hereni vua. Saa vua. Wewe binti, pete."

Nikavua pete ya uchumba nikaiweka kwenye kiganja cha Klorini. Aliitazama vibaya, sikuelewa.

"Nishikie," nikasema.

Akaifunga kwenye kimfuko cha begi lake, kisha akavaa suti. Jua likampiga mabegani, mtu mzima akawaka. Mama Papa akasimama.

"Nani kashona taa hizi?"

"Mchumba wangu," Klorini akajibu kwa fahari. "Ni fundi."

"Fundi wa nini?"

"Majaketi ya reflekta," nikasema.

"Mwanangu, huko barabarani anayeng'aa anapona. Huku kwangu anayeng'aa ni samaki. Papa anaona kinachometameta anadhani ni chakula. Kwa nini unadhani nimewavua hereni na pete? Niliwatumia maelekezo: nguo nyeusi, hakuna kinachong'aa. Hukusoma?"

"Nilisoma."

"Ukamshonea hivi hivi?"

Wateja wengine wawili wakageuka kututazama. Klorini akachekacheka.

"Ni pambo tu, mama. Nitabandika utepe mweusi juu yake."

"Sikukuuliza wewe. Binti, mtu hamshonei mchumba wake taa mgongoni bila sababu. Ulitaka nini?"

Nikamtazama Klorini. Nilimpa nafasi ya mwisho, palepale mbele za watu. Aliinamisha kichwa akajifanya anafunga zipu. Nikajua kwamba nikinyamaza, baada ya nusu saa atakuwa nyuma ya mgongo wangu majini.

"Nilitaka nimwone akizimia," nikasema. "Ana kifafa."

Mama Papa alifungua jalada lake, akatoa fomu, akapitisha kidole mpaka swali la saba.

"Hapa pameandikwa hapana."

"Ni uongo," Klorini akasema polepole. Halafu akanigeukia, macho mekundu. "Ulijua tangu lini?"

"Wiki tatu."

"Wiki tatu! Ukanyamaza, ukaja kunivua nguo mbele za watu?"

"Na wewe je? Miezi saba umenining'iniza shingoni kwenye kina kirefu! Nimekuuliza mara ngapi? Swali la saba, nikauliza. Vitamini, nikauliza. Ukaniambia nywele!"

"Ungeondoka!"

"Nani kakwambia?"

"Wote huondoka! Na hata leo, cha kwanza ulichofanya hapa ni kunirudishia pete!"

"Nilikupa unishikie, Klorini. Kunishikia na kurudisha ni kitu kimoja?"

Mama Papa akalifunga jalada.

"Kijana, leo huingii majini. Hata kama ungelia. Hela hairudi, mmesaini wenyewe. Boti unaweza kupanda, utavaa jaketi la kuokolea na kukaa. Binti, wewe ukitaka utashuka na mimi."

"Sishuki," nikasema. "Hii ndoto si yangu."

Klorini alikuwa ameanza kuvua ile suti ya taa zangu. Mkono mmoja ukamgomea. Nikamsaidia kuuvuta, na hatukutazamana.

"Nenda," akasema. "Tumekula mayai siku mbili kwa ajili ya jambo hili. Angalau mmoja wetu aone."

Nilikwenda. Niliogopa mpaka meno yakaung'ata mrija. Mama Papa aliweka mgongo wake kwenye mgongo wangu, tukaelea. Maji yalikuwa ya buluu bila mwisho. Kisha papa akaja, wa kijivu, mkubwa kuliko kitanda changu, hana haraka. Alinipita karibu nikaona jicho lake likinitazama. Sikupiga kelele. Nilisikia tu joto la mgongo ule nyuma yangu, nikaelewa kwa nini Mama Papa hakumkubalia Klorini. Mgongo ukilegea huko, umekwisha.

Niliinua kichwa kutafuta boti. Klorini alikuwa amesimama ukingoni na jaketi la rangi ya chungwa, akinitazama mimi, wala hakutafuta papa hata kidogo.

Waliponipandisha akanifunika taulo.

"Niambie."

"Ni mkubwa. Ana kovu hapa, chini ya pezi. Hana habari na mtu. Amenipita kama mpangaji mwenzangu kwenye korido."

Akacheka, halafu kicheko kikageuka kilio. Sikumnyamazisha. Hata mimi nililia, kwa hasira na kwa baridi na kwa kuwa ningeweza kumpoteza kwa ajili ya utepe wa fedha na ukaidi wangu.

"Na mimi nimekosa," nikamwambia. "Nilipaswa kusema siku ileile. Nilikuwa nakutega uungame, kumbe nakupeleka majini."

"Mimi ndiye niliyekupeleka wewe, kila Jumatatu." Akafuta uso kwa kona ya taulo langu. "Nilipokuwa peke yangu hapa nimefanya kitu. Usicheke."

Akanipa karatasi. Ilikuwa ile fomu yake, ameiomba kwa Mama Papa. Kwenye swali la saba alikuwa amekata hapana akaandika NDIYO, kubwa. Nyuma yake ameandika kwa kalamu ya kuazima, mwandiko umetikiswa na boti:

"Nikianguka. Moja, nilaze ubavu. Mbili, usinishike kwa nguvu, usinitie kitu mdomoni. Tatu, tazama saa. Zikizidi dakika tano, ita msaada. Nne, nikiamka nitakuwa nimechanganyikiwa. Niambie jina lako. Nitakukumbuka."

Nilisoma mara mbili. Pale pa nne palinishinda.

"Hii ni ya nani?" nikauliza.

"Yako. Nilipaswa kukupa kabla ya pete. Kesho nikirudi nakwenda kwa daktari, na kazi ya bwawani namwambia meneja. Wakinifukuza, wanifukuze. Bado unanitaka?"

"Nina hasira na wewe, Klorini. Sana. Itachukua muda."

"Najua."

"Na ndoa, siku zilizobaki hazitoshi. Tusogeze."

Uso ukamshuka. Aliinuka akaenda kwenye begi, akafungua kile kimfuko, akatoa pete. Akabaki ameishika, hajui aipeleke wapi. Nikanyoosha kidole.

"Nimesema tusogeze. Sijasema tuache. Nilikwambia unishikie, si umeshika? Haya."

Akanivisha. Nikaikunja ile fomu taratibu.

"Lakini namba tatu inanipa shida," nikasema. "Inasema nitazame saa. Ile yangu haina hata mshale wa sekunde."

"Nitakununulia."

"Ya mtumba?"

"Mpya," akasema, na kwa mara ya kwanza tangu tutoke gatini akanitazama machoni. "Hapo sibani hela."