Usizime Msumeno

Shemeji yangu, mume wa dada, ni mpasua mbao. Watu wa mtaani walimpachika jina la Mnyororo kwa sababu ya msumeno wake wa mashine, ule ambao dada aliuita mke mwenza. "Ananuka petroli, lakini ndiye anayepakatwa kutwa," alikuwa akisema, nasi tunacheka. Haya ninayosimulia, nusu niliyaona kwa macho yangu. Nusu nyingine alituambia mwenyewe.

Asubuhi moja aliitwa na bibi mjane, ng'ambo ya barabara kuu, akaangushe mkangazi uliokuwa nyuma ya nyumba yake. Ulikuwa mti mnene, umenyooka, hauna kifundo hata kimoja. Shemeji aliuzunguka akiupigapiga kwa kiganja, akili yake ikiwa imeshaanza kuupasua mbao. Alipokuwa anatia petroli, bibi akamsogelea.

"Mwanangu, ukisikia unaitwa, usizime mashine."

"Niitwe na nani, bibi?"

"Na yeyote."

Shemeji akacheka kwa adabu, akavaa vizibo vya masikio, akavuta kamba. Msumeno ukanguruma.

Mnyororo wa msumeno ulikuwa umefika katikati ya shina aliposikia, "Mwenzangu!"

Hakuna anayemwita hivyo ila dada. Sauti haikushindana na ngurumo. Ilipita chini yake, karibu kabisa, kama mtu anayeongea ndani ya vile vizibo. "Mwenzangu, njoo nyumbani."

Akazima.

Kimya. Hapakuwa na mtu uani. Dirishani, bibi alikuwa anafunga pazia.

Mti uliokatwa nusu hauachwi umesimama, kwa hiyo aliumalizia. Ulianguka vizuri tu. Gogo akaliacha pale ili alipasue kesho yake, akarudi nyumbani jua likiwa bado juu. Dada alikuwa anaanua nguo. Alipomwona, beseni likamponyoka.

"Wewe umetokea wapi?"

"Kazini. Kwani vipi?"

"Si uko chumbani? Umeingia sasa hivi, ukasema umechoka, unajilaza."

Wakaingia wote wawili. Chumba kilikuwa kitupu. Shuka lilijaa vumbi jekundu la mbao mbichi, na katikati palikuwa na umbo la mtu aliyelala chali. Dada akapagusa. Palikuwa bado na joto.

Kesho yake dada alinipigia simu nikakae naye, maana shemeji alikwenda kumuuliza yule bibi. Nilimkuta anafagia chumba ambacho hakikuwa na hata unyasi. Mchana mlango ukagongwa. Shemeji. Dada akamfungulia, naye akaingia anahema, akateremsha komeo.

"Marehemu mume wa bibi aliwahi kuupunguza matawi mti ule," alinong'ona. "Akaitwa, akazima msumeno. Siku iliyofuata wakaja mlangoni wanaume wawili wenye sura yake, mmoja baada ya mwenzake. Bibi akamfungulia mmoja. Akaishi naye mpaka akamzika. Hadi leo hajui alimzika nani."

Dada akashika kifua. "Sasa tunafanyaje?"

"Akija, tusifungue. Akikosa pa kuingia atakwenda zake."

Hata hatujakaa vizuri. Ngo, ngo, ngo.

"Mwenzangu, fungua. Nimetoka kwa bibi."

Nilimtazama shemeji. Midomo yake ilikuwa imefumbwa.

"Fungua haraka. Kuna mtu atakuja na sura yangu. Usimfungulie."

"Ndiye huyo," shemeji akanong'ona. "Msijibu."

Dada alisimama katikati ya chumba, machozi yanamtoka bila sauti.  Kisha sauti ya nje ikaja tena, safari hii ikitetemeka.

"Yumo humo ndani? Mke wangu, umeshamfungulia?"

Dada akapiga hatua moja kuelekea mlangoni. Shemeji akamshika mkono. Hakumvuta. Alimshika tu. Dada akarudi, akakaa.

Yule wa nje alilia. Alipiga mlango kwa viganja mpaka jua likapoa. Alimwita mama yake. Aliniita na mimi, kwa jina la utani alilonipa siku ya harusi yao. Nikaziba masikio.

Halafu kimya.

Tulipofungua, hapakuwa na mtu. Jirani wanayepakana naye ukuta alichungulia, akauliza nani alikuwa analia vile. Upande wa nje wa mlango ulikuwa umejaa alama za viganja. Damu. Damu ya kweli, nzi wameshaanza kutua. Kila alama ya mkono wa kulia ilikosa ncha ya kidole cha shahada. Ncha hiyo shemeji aliipoteza kwenye mnyororo, mwaka ule aliomwoa dada.

Nikageuka, nikautazama mkono wake. Nao ulikosa ncha.

Wanaishi kwa amani. Kazi ya mbao ameiacha, na hajawahi kumpandishia dada sauti. Mlango tuliusugua kwa sabuni, nikaupiga na msasa, alama zikatoka zote isipokuwa moja. Iko chini kabisa, karibu na kizingiti, pale ambapo mkono wa mtu aliyepiga magoti ungefika. Shemeji hapiti tena mlango ule. Huzungukia jikoni. Na akiwa hayupo, dada huinama, akaweka kiganja chake juu ya ile alama, akakaa hivyo muda mrefu.