Mkurugenzi Anaomba Nafasi

Soko la Kashaulili lilikuwa limefurika asubuhi hiyo, na katikati ya magunia ya mchele wa Majimoto alisimama mwanamume mwenye suti ya kijivu na viatu vinavyong'aa, akiwapanga wapagazi ambao hawakuwa wake.

"Wewe tangulia! Nyie wawili subirini kwanza!"

Wapagazi wakampita kama hawamwoni. Zakia, aliyekuja kununua mchele, alicheka mpaka mtandio ukamdondoka begani.

"Kaka, umestaafu lini?"

"Miezi minne sasa." Akashtuka. "Umejuaje?"

"Ndiyo kazi yangu."

Na kweli ilikuwa kazi yake. Zakia mwenyewe aliwahi kuwa meneja mkubwa Dar es Salaam, akaacha, akarudi nyumbani Mpanda, na sasa aliwasaidia wakubwa waliotoka ofisini wakajikuta hawana wa kumwagiza. Dawa yake ilikuwa moja tu: jambo lako, lifanye mwenyewe.

Yunus, aliyekuwa mkurugenzi wa kampuni ya bima Dar kabla ya kuhamia Mpanda, alianza masomo wiki ileile. Akajifunza kufua mashati, kupanga foleni, kupika wali usioungua. Suti ikaingia kabatini, likatoka shati la kitenge lililompendeza kupita kiasi. Na kila jioni simu ililia kwa Zakia.

"Mwalimu, leo nimenunua dagaa mwenyewe."

"Wa kutoka Karema, ziwani?"

"Umejuaje?"

"We! Nimekwambia ndiyo kazi yangu."

Mwezi wa tatu "mwalimu" akageuka "mpenzi", na hakuna aliyelalamika.

Ndipo ikaja ile Jumatano. Simu ikaita, sauti ya mwanamke asiyemjua.

"Shikamoo dada. Naitwa Vestina, nilikuwa katibu muhtasi wa Mkurugenzi Yunus. Anaomba nafasi Ijumaa saa kumi jioni. Ajenda ni ndoa."

Zakia alihisi uso unawaka moto. Miezi mitatu ya kumfundisha, halafu mtu anamtongoza kupitia ofisi ya Dar!

"Mwambie nafasi hakuna," akasema, akakata.

Yunus hakupiga tena. Ijumaa ikapita, Zakia kanuna, simu mkononi. Jumamosi akapiga Vestina.

"Dada, leo sijatumwa. Bosi kakubali kazi ya ushauri huku Dar. Anapanda basi kesho asubuhi."

"Afike salama."

"Nimefanya naye kazi miaka kumi na tisa, dada. Jambo linalomtisha ndilo analoniachia mimi. Mama yake alipofariki, mimi ndiye niliyewapigia ndugu zake. Na hili lako alinipigia mara tatu, ananisomea maneno, anayafuta."

Zakia akajiuliza. Na jibu lake yeye, lilipelekwa na nani? Na Vestina huyohuyo. Mwalimu alikuwa amefeli mtihani aliotunga mwenyewe, naye alimpenda Yunus, alimpenda hasa.

Asubuhi bodaboda ilimshusha stendi, gauni lake la njano limejaa vumbi. Yunus alikuwa mlangoni mwa basi, kavaa tena ile suti ya kijivu.

"Nafasi ipo," Zakia alisema akihema. "Sema mwenyewe."

"Hapa? Mbele ya watu wote hawa?"

"Hapahapa."

Yunus akaweka begi chini. Sauti ilimtetemeka, yeye aliyehutubia mikutano ya mamia.

"Zakia, nakupenda. Dar sina ninachokifuata, nakimbia tu aibu. Naomba nikuoe."

"Nimekubali."

Kinamama ndani ya basi wakapiga vigelegele. Kondakta akauliza kama begi linapanda au halipandi.

"Halipandi," Yunus akajibu. Kisha akakuna kichwa. "Na kwa kaka yako Mustapha, kule Majimoto? Si posa hupelekwa na mshenga? Au napo niende mwenyewe?"

Zakia akacheka, mtandio ukamdondoka tena.

"Hiyo sasa, mpenzi, mtume Vestina."